Mwacheni Mtoto Amlilie Mbwa Wake

"Mbwa tu huyo." Hiyo ndiyo hukumu inayotolewa karibu kila nyumba ya kwetu mbwa anapokufa. Mtoto akilia, anaambiwa anyamaze, atanunuliwa mwingine. Mama akionekana macho mekundu, majirani wanauliza kuna msiba gani, na wakiambiwa wanaangua kicheko. Baba wa nyumba akithubutu kusema ameumia, wenzake kijiweni wanamwambia uzungu umemwingia. Kisha anatafutwa kijana mtaani, anapewa hela ya soda, mzoga unatiwa kwenye mfuko wa salfeti na kwenda kutupwa korongoni. Usiku huo mtoto anayesusa chakula anaambiwa anadeka.

Nasema hukumu hiyo ni batili. Watu wazima wenye akili zao wanairudia kwa sababu hakuna aliyewahi kuwadai waitetee. Mimi nawadai leo.

Hoja wanayoikimbilia kwanza ni hiyo ya uzungu. Wanasema Mwafrika hufuga mbwa kwa kazi, mbwa akifa kazi imekwisha, na machozi haya tumeyaiga kwenye filamu. Anayesema hivyo haijui Afrika. Mwaka 1935 wachimbaji waliokuwa chini ya mwanaakiolojia George Reisner walipata huko Giza, Misri, jiwe lenye maandishi ya zaidi ya miaka 4,000. Jiwe hilo linasimulia habari za Abuwtiyuw, mbwa aliyekuwa akimlinda mfalme. Alipokufa, mfalme aliamuru azikwe kwa heshima. Akatoa jeneza kutoka hazina yake, akatoa kitani kizuri kwa wingi, ubani na marhamu, na akawaamuru waashi wamjengee kaburi. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Mgiriki Herodoto aliandika kwamba nyumba ya Wamisri ikifiwa na mbwa, watu wa nyumba hiyo walinyoa kichwa na mwili mzima. Wajaluo na Waluhya, ambao kwa mila zao hunyoa nywele baada ya maziko, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Herodoto alikuwa mgeni aliyestaajabia desturi ya Kiafrika. Leo Mwafrika anaistaajabia huzuni ile ile akidhani ni ya wageni.

Wala hatulazimiki kwenda hadi Misri. Katika msitu wa Ituri, Kongo, Wambuti huwinda na mbwa wasiobweka, na huwafunga kengele za mti shingoni ili wajue walipo kichakani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huingia porini na mbwa wao pamoja na upinde. Katika maboma ya wafugaji, mbwa ndiye wa kwanza kujua kwamba fisi yuko karibu na zizi. Watu hawa wote wanafuga mbwa kwa kazi, ni kweli kabisa. Lakini hapo ndipo hoja ya wapinzani wangu inapowageukia. Kazi gani hiyo? Kukesha ili wewe ulale. Kutangulia gizani mahali unapoogopa kutangulia. Mtu akikufanyia hayo kwa miaka, halafu siku akifa ukasema kazi imekwisha, watu wa kwetu hawakusifu kwa kuwa Mwafrika halisi. Wanakuita mtovu wa fadhila.

Nilikulia Muheza, mkoa wa Tanga, kwenye shamba la michungwa na mihogo. Baba alifuga mbwa mmoja tuliyemwita Doria, kwa ajili ya ngedere wa mchana na nguruwe pori wa usiku. Anayelima mihogo karibu na msitu anajua kwamba kundi la nguruwe likiingia usiku mmoja, asubuhi unakuta shamba limefukuliwa kama limepitiwa na trekta. Doria alikuwa na bakuli lake la bati lililobonyea upande mmoja, akila ugali wa pumba na vichwa vya dagaa nje ya ua, mbali na vyombo vyetu. Hakuwahi kuvuka kizingiti. Hakuna aliyembeba wala kumkumbatia. Lakini mama akirudi gizani kutoka kwa mgonjwa au kwenye shughuli, Doria alikuwa akimngoja kwenye njia panda, na hatukujua alijuaje saa ya kwenda.

Usiku mmoja nguruwe dume alimchana ubavu kwa jino. Baba alimkuta amelala chini ya mchungwa, matumbo yako nje, angali anapumua. Kwetu hapakuwa na daktari wa mifugo wa kuitwa saa hizo. Baba akakaa naye, akimtilia maji mdomoni kwa kifuu cha nazi, kidogo kidogo, hadi akakata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Akaenda akajitoharisha, akasali, kisha akachukua jembe na chepeo akachimba mwenyewe. Kijana wa kutumwa alikuwepo, hakumtuma. Jirani akapita na baiskeli, akasimama.

"Kaka, siku hizi mbwa naye anazikwa?"

Baba alijibu bila kuinua kichwa. "Mihogo uliyokula kwangu msimu huu ilikuwa na mlinzi. Mlinzi mwenyewe ndiye huyu."

Jirani alikwenda zake akitikisa kichwa, na jioni barazani hadithi ikawa hiyo. Walimcheka baba kwa siku kadhaa. Alivumilia, na sisi watoto tulilia waziwazi kwa kuwa yeye hakutukataza.

Nimemleta baba hapa kwa sababu kila shutuma ya wapinzani wangu inamkosa. Hakuwa na filamu za kuiga. Hakuwa tajiri aliyekosa la kufanya. Hakumpandisha mbwa daraja la mtu, kwani bakuli la bati lilibaki nje ya ua hadi siku ya mwisho. Wala hakuacha swala. Alijua tu kwamba kiumbe aliyekufa akikutumikia ana haki kwako, na akailipa haki hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo kwenye swala pana neno, na sitalikwepa, maana wengi wetu wa pwani tunalitumia kufunga mjadala. Tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, ambayo kwayo mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Imam Malik alikuwa na rai nyingine, kwamba mnyama aliye hai ni tohara. Lakini tubaki na Shafii, kama baba alivyobaki. Najisi ni hukumu ya mate na unyevu, imewekwa kwa ajili ya ibada. Inakuambia nawa, osha, badili nguo kabla ya kusali. Haisemi lolote juu ya moyo wa aliyefiwa. Damu ya mtu nayo ni najisi, na hakuna sheikh aliyewahi kutoka na fatuwa kwamba kwa hiyo mtu asililiwe. Mafundisho yale yale yanayotutahadharisha juu ya kufuga mbwa bila sababu yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Tena Waislamu wengi husoma Suratul Kahf kila Ijumaa, na humo wamo vijana wa pangoni na mbwa wao aliyelala mlangoni amenyoosha miguu ya mbele. Watu wanapobishana humo kuhusu idadi ya vijana wale, kila hesabu inayotajwa inamtia na mbwa. Na iko hadithi katika Bukhari na Muslim ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji ndani ya kiatu chake cha ngozi, akapanda amekishika kwa meno, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mtu huyo alisamehewa dhambi zake. Masahaba waliuliza kama kweli kuna ujira katika wanyama, na wakajibiwa kwamba kila kiumbe hai kina ujira wake. Nikikumbuka kile kifuu cha nazi, siwezi kuamini kwamba waliocheka barazani ndio waliokuwa upande wa dini.

Wakristo nao wana la kujibu, kwani "mbwa tu" nimeisikia hata kwa wazee wa kanisa. Nabii Nathani alipotaka kumfungua macho Mfalme Daudi, alimsimulia habari za maskini mwenye mwanakondoo mmoja wa kike, aliyemlea pamoja na watoto wake, akimlisha tonge lake, akimnywesha kikombe chake, akimlaza kifuani kama binti yake. Tajiri akamchukua akamchinja kwa ajili ya mgeni. Daudi alikasirika kiasi cha kusema mtu huyo anastahili kufa. Hadithi ile isingekuwa na nguvu yoyote kama mapenzi ya maskini kwa mnyama wake yangekuwa upuuzi. Kosa la tajiri lilianza pale alipodhani kondoo ni kondoo tu, wa huyu na wa yule ni sawa. Wakatoliki wanaosoma Kitabu cha Tobiti wanajua pia kwamba Tobia alipoondoka safarini na malaika Rafaeli, mbwa alikwenda nao.

Sasa niwageukie wanaosema kwamba watu wanakufa hospitalini kwa kukosa dawa, nanyi mnalia mbwa. Hii ndiyo hoja inayosikika kuwa na utu kuliko zote, na ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inajivika vazi la kuwajali maskini wakati haimsaidii maskini hata mmoja. Chozi la mtoto kwa mbwa wake halijamnyang'anya mgonjwa dawa. Huruma haina gunia ambalo ukichota kwa huyu inapungua kwa yule. Baba yangu, aliyemzika Doria, alikuwa wa kwanza kufika na jembe makaburini alipofariki mtu yeyote pale kijijini. Waliomcheka hawakuwa wakimtangulia.

Tena hatuisemi hoja hiyo kwa wanyama wote. Kati ya 2020 na 2023, ukame uliwaua ng'ombe, mbuzi na ngamia wengi mno kaskazini mwa Kenya. Tuliona picha za wafugaji wamesimama katikati ya mizoga, tukasema poleni kwa moyo wote, na tulifanya vyema. Hakuna aliyewaambia Waborana au Waturkana "ng'ombe tu hao." Kijijini mtu akifiwa na ng'ombe wa maziwa, majirani wanapita kumpa pole. Kumbe tunakubali kwamba mnyama anaweza kuacha pengo. Tofauti ni kwamba ng'ombe ana bei mnadani na mbwa hana. Basi tuseme ukweli huo hadharani: hatukatazi huzuni ya mnyama, tunakataza huzuni isiyo na bei. Sitaki kuishi kwa kipimo hicho, na sitaki mwanangu akirithi.

Na anayedhani kwamba kumhuzunikia mbwa ni anasa ya walioshiba, asikilize habari hii. Mwaka 1914, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi la miaka ipatayo 14,000. Ndani walilala mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Meno ya mbwa yule yalipochunguzwa upya, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba aliugua distempa, ugonjwa hatari wa mbwa, kwa wiki kadhaa, na kwamba asingeishi muda wote huo bila kuuguzwa. Katika hali ile hakuwa na faida ya kuwinda wala kulinda. Waliomuuguza hawakuwa na ghala, hawakuwa na mshahara, walikuwa wakiishi kwa walichokiwinda. Wakampa maji na joto, na alipokufa akazikwa pamoja na watu.

Nina shutuma nzito zaidi juu ya kauli ya "mbwa tu": kauli hii inaua watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa hafiki mbali, na kifo chenyewe ni cha kutisha. Aliyewahi kumwona mtoto akiogopa kikombe cha maji hasahau. Yote hayo yanazuilika. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Hata simba wanatuhusu hapa: mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na inaaminika kwamba waliupata ugonjwa huo kutoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Baada ya hapo chanjo za mbwa zikaanza kupelekwa katika vijiji hivyo mwaka hadi mwaka.

Nendeni siku ya chanjo mkaone ni nani amewaleta mbwa. Wengi ni watoto. Wamewafunga kamba ya katani shingoni, wengine wamewabeba kifuani, wamepanga foleni juani huku wakiwatuliza kwa majina. Watu wazima wengi hawawezi hata kumshika mbwa wao wenyewe, hajawazoea, maana hawajawahi kumgusa ila kwa teke. Mtoto ndiye anayeweza, kwa sababu anampenda na mbwa anamjua. Sasa mchukue mtoto huyo, mfundishe kwamba mapenzi hayo ni aibu, mcheke siku mbwa wake anapokufa, halafu mwaka unaofuata mwambie apeleke mwingine kuchanjwa. Atampeleka kwa nini, ikiwa ni mbwa tu? Nyumba inayoona uchungu mbwa akifa ndiyo inayotafuta sindano kabla hajafa. Nyumba isiyojali humwachia ajizungukie majalalani, na siku akirudi na ute mdomoni hakuna anayegundua mpaka ameuma.

Lililobaki ni hili la "utanunuliwa mwingine." Wanaolisema wana nia njema, nawaamini. Lakini hebu tukumbuke ni nani mwingine tunayemwambia hivyo. Mama aliyeharibikiwa mimba. Naye huambiwa asilie sana, atapata mwingine, hata kama alikuwa ameshachagua jina. Msomi wa Marekani Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 juu ya huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii inakataa kuitambua, hivyo mfiwa anabeba mizigo miwili: uchungu wenyewe, na aibu ya kuwa na uchungu. Wafiwa wa namna hiyo tunao wengi. Yumo mwanamke asiyeruhusiwa kusimama kaburini kwa mwanamume aliyezaa naye nje ya ndoa. Yumo kijana aliyefiwa na rafiki, si ndugu, na akanyimwa ruhusa kazini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, tunasema kila siku, kisha tunajipa ukadhi wa kupima makaburi ya wenzetu. Mazoezi ya ukatili huo yanaanza mapema, kwa mtoto wa miaka saba aliyesimama penye mnyororo usio na mbwa.

Mara nyingi mbwa wa mjini hafi kwa uzee. Wezi wakiliandama eneo, hutanguliza nyama yenye sumu. Asubuhi familia inamkuta mbwa getini, chini ya kile kibao cha "Mbwa Mkali", povu limekauka mdomoni. Mbwa yule ameuawa kwa sababu alikuwa amesimama kati ya mwizi na chumba cha watoto. Na ndani ya nyumba ile ile kuna mtu mzima anayemwambia mtoto asilie. Wengine huenda mbali zaidi, wakamdanganya kwamba mbwa amekimbia. Huo ni uovu, hata ukifanywa kwa upole. Mtoto aliyefichwa kifo anabaki akijiuliza amemkosea nini hata akamkimbia.

Siombi turubai na viti vya plastiki. Siombi matanga, wala hitma, wala misa. Hizo ni za watu, na zibaki za watu. Ninachodai hakigharimu chochote. Mtoto aambiwe ukweli kwamba mbwa amekufa, na kilichomuua kitajwe kama kinajulikana. Kama kuna uwanja, achimbiwe shimo la kina mbali na kisima, na mtoto aachwe achague mahali na atie udongo. Kama mbwa alibadilika tabia kabla ya kufa, akawa anauma ovyo au anatokwa na ute, asiguswe na mtu, aitwe ofisa mifugo, na yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Jirani akipita aseme pole, neno tunalolitoa bure hata kwa aliyejikwaa. Na mwalimu akimwona mwanafunzi ameinamia dawati, akaambiwa sababu, asiwaache wenzake wamcheke. Amuulize mbwa alikuwa akiitwa nani, amsikilize anavyomweleza, kisha afungue kitabu aendelee na hesabu.